Regyuleta hii imeipoza Spectrum yetu, ila hizo volti 36 msizifuate

Salamu aleikum watazamaji, karibuni. Tuko Lamu, Langoni, dirisha li wazi na feni nimeizima makusudi, maana leo nataka joto la chumba libaki lilivyo. Kipimajoto cha mezani kinasoma nyuzi 31. Ishikeni hiyo namba.

Hii hapa mbele yangu ni kompyuta ya ZX Spectrum ya kilobaiti 48, ile ya vitufe vya mpira, iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Ubongo wake Z80, chipu yake ya picha ULA, rangi zake, hayo mnayajua, siyarudii. Kilichotuleta ni hiki kidude hapa kidoleni. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnakiona? Hakizidi sana punje ya hindi iliyonona. Ni TSR 1-2450 ya Traco Power, na kazi yake ni moja tu: kukaa mahali pa 7805, ile regyuleta ya zamani inayoshusha umeme wa adapta hadi volti 5. Nimekipenda, nasema mapema. Lakini usiondoke kabla ya kusikia habari ya volti 36, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kukuunguzia mashine.

Kwanza ubaya wa ile ya zamani. 7805 haina ufundi mwingi: kila volti iliyozidi tano inaigeuza joto. Na adapta ya asili ya Spectrum imeandikwa volti 9, ampea 1.4, lakini ndani hakuna udhibiti wowote, ni transfoma, daiodi na kapasita. Ikiwa haina mzigo hupanda hadi 13. Ikibeba mashine hukaa kwenye 10 au 11. Sasa pigeni hesabu nami. Mashine inakula kama ampea 0.7 kwenye laini ya volti 5. Zinaingia 11, zinatoka 5, zimebaki 6. Sita mara 0.7 ni wati 4.2. Wati 4.2 za joto tupu, ndani ya kisanduku chembamba cha plastiki, katika mji ambao kaskazi ikitulia hata ukuta wa matumbawe unatoa jasho!

Tazameni. Mashine hii imewaka dakika 20 na 7805 yake. Naweka ncha ya kipimajoto kwenye bati la kupoza. Hamsini... sitini na mbili... inaenda... 74. Hapo kidole hakikai. Na bati hilo limesimama juu ya bodi yenye kapasita za zamani, jirani kabisa, zinaokwa kila mara ukiwasha. Kapasita ikiokwa hukauka. Ikikauka, volti 5 zinaanza kutetemeka, na ule mchezo uliongoja dakika tano kuupakia kutoka kwenye kaseti unakatika katikati. Wengi hulaumu kaseti.

Haya, tubadilishe. Chomoa umeme, kaseti na televisheni. Skrubu tano chini ya kasha. Ukifungua, usinyanyue kifuniko kwa pupa kama unayefunua sufuria, kwa sababu kibodi imeshikwa na utepe mbili za plastiki, moja ya nyaya nane na moja ya tano, na plastiki ya miaka arobaini inavunjika kama papa mkavu. Inyanyue kidogo, kisha vuta kila utepe wima, taratibu, bila kuupinda. Ukivunjika si msiba, utando mpya wa kibodi bado unatengenezwa na unauzwa. Agizeni mmoja wa akiba hata kama wenu mzima.

Fungua bolti ya bati. Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Usijaribu kuitoa 7805 nzima kwa kuyayusha miguu yote mitatu kwa pamoja. Kata miguu kwa koleo, itoe regyuleta, kisha toa kipande kimoja kimoja. Mguu wa kwanza na wa tatu unatoka haraka. Wa katikati ni wa ardhi, umeshikana na shaba pana inayokunywa joto. Ncha ikiwa baridi utasukumasukuma mpaka ile duara ya shaba ibanduke kwenye bodi. Pandisha kalamu ya kulehemu hadi nyuzi 370, ongeza risasi mbichi kidogo ichanganyike na ya zamani, hesabu mpaka tatu, vuta. Safisha matundu kwa utambi wa shaba.

Kabla ya kulehemu kipya, kipime kikiwa pekee. Hili msiliruke. Rezista ya omu 10, wati 5, kati ya kutoka na ardhi. Inavuta nusu ampea. Ingiza volti 9. Mita yangu inasoma 5.02. Nzuri. Ikisoma chini ya 4.9 au juu ya 5.1, weka pembeni.

Miguu inafuatana vilevile na 7805: kuingia, ardhi, kutoka, ukiangalia upande wenye maandishi. Kilehemu kisimame kidogo juu ya bodi, kisilale. Na lile bati halina kazi tena, ila msilitupe. Lifungeni mfukoni pamoja na bolti yake, kwani mashine hizi zinauzwa na kununuliwa, na mnunuzi mwingine atataka kila kitu cha asili.

Imewaka. Ule mstari wa haki miliki wa 1982 uko chini ya skrini. Tunaiacha dakika 20 ileile, na wakati inangoja nijibu swali mnaloniandikia kila wiki: kwa nini tusinunue The Spectrum mpya ya Retro Games, ile ya 2024? Nunueni, ni mashine safi, inaingia kwenye televisheni ya leo bila tabu. Lakini ndani yake ni programu inayoigiza Spectrum. Hakuna ULA ya Ferranti pale, hakuna cha kulehemu. Anayetaka kucheza anunue hiyo. Anayetaka kujua kompyuta inafanyaje kazi, waya kwa waya, apate ya zamani. Na sisi hapa tuna bahati moja: plagi ya Uingereza ndiyo yetu, volti 240 ni zetu, mfumo wa televisheni wa PAL ni wetu. Anayeagiza kutoka Uingereza anachomeka ukutani moja kwa moja, wakati wenzetu wa Marekani wanahangaika na transfoma.

Dakika 20 zimetimu. Ncha juu ya regyuleta. Thelathini na tisa. Arobaini... arobaini na moja, imesimama. Mikono mitupu, ninaishika, naendelea kuzungumza nanyi na bado ninaishika! Kutoka 74. Sababu ni kwamba hii haimwagi volti; inafungua na kufunga umeme kwa kasi kubwa sana na koili ndogo ya ndani inalainisha. Ufanisi wake unazidi asilimia 90, kwa hiyo zile wati 4.2 zimeshuka hadi kama 0.4. Na umeme unaotoka ukutani umepungua pia: kwenye volti 11 laini hiyo ilivuta ampea 0.7, sasa inavuta kama 0.35. Adapta nayo imepoa. Igusieni shavuni, mtaona.

Kasoro ipo. Angalieni hapa kwenye rangi nyeusi, karibu na pembe: mistari myembamba inayotembea kama mawimbi. Si kila bodi inaonyesha. Ni kelele za kule kufungua na kufunga. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 100, volti 25, aina ya ukinzani mdogo, kwenye upande wa kuingia, na moja ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 sambamba nayo, miguu mifupi kadiri iwezekanavyo. Naziweka... na mistari imekwenda. Miguu mirefu inageuka antena, kazi yote bure.

Sasa volti 36. Karatasi ya maelezo ya kitu hiki inasema kinapokea kutoka 6.5 hadi 36. Ni kweli, chenyewe kinapokea. Najua mtakachofikiria, hasa ndugu zetu wa Shela na Matondoni wenye sola: nichukue betri ya volti 12, niunganishe moja kwa moja. La! Laini ile ya volti 9 haiishii kwenye regyuleta. Inapitia pia kwenye mzunguko wa transista TR4 na TR5 unaotengeneza volti 12 na hasi 5 za chipu nane za 4116, kumbukumbu ya chini. Mzunguko ule kazi yake ni kupandisha, haujui kushusha. Betri inayochajiwa na sola inafika 14.4. Chipu hizo mwisho wake ni volti 13.2. Mnaona inakokwenda? Wekeni kwanza kishushio cha kufikisha 9, ndipo mwingie kwenye mashine.

Na mkiwa hapo pimeni hizo 4116: ardhi ni mguu wa 16, si wa 8 kama chipu nyingi. Mguu wa 1 hasi 5, wa 8 chanya 12, wa 9 chanya 5. Hasi 5 ikikosekana zimeni papo hapo, maana bila hiyo chipu zinachemka na kufa. Skrini ya mistari ya wima mashine inapowaka mara nyingi ni chipu hizo.

Onyo jingine moja, fupi. Plagi ya Spectrum hasi yake iko katikati. Baadhi ya adapta za ruta za intaneti ni volti 9 na zinaingia vizuri kabisa, lakini kwa kawaida chanya ndiyo katikati. Pima kwa mita, usiamini umbo.

Bei? Ni mara kadhaa ya 7805, ukiongeza na kusafirisha mpaka Mokowe na boti ya kuvuka. Kuna vya bei rahisi visivyo na jina, vyenye kiskrubu cha kurekebisha volti. Hivyo sivitaki: kiskrubu kikilegea au kikishika kutu ya hewa hii ya chumvi, volti 5 zinaweza kuwa 9, na mashine yote inakwenda. Na nikifikiri zaidi, aliye na adapta ya kisasa ya volti 9 iliyodhibitiwa ana wati 2.8 tu za joto kwenye 7805. Huyo akibadilisha mafuta meupe ya kupitisha joto ya kwenye bati na kapasita za zamani anaweza kungoja. Mwenye adapta ya asili asingoje.

Wiki ya Maulidi hatutarusha video, mji utakuwa na wageni na kelele za dufu. Baada ya hapo ni adapta ya kompyuta ya Commodore 64, ile iliyomiminiwa gundi ngumu ndani, ambayo ikiharibika inapandisha volti 5 na kuua kumbukumbu. Andikeni maswali yenu ya hiyo mapema, na mseme bodi yenu ni toleo gani, namba imechapwa juu yake.

Ngoja nipime mara ya mwisho kabla sijachomoa. Saa nzima sasa. Arobaini na mbili.