Kebo za modemu pacha: shaba safi, lebo za kubahatisha

Nimekaa na seti hii miezi saba, kwa hiyo siandiki kwa hasira za siku ya kwanza. Ni ya kuunganisha modemu mbili za intaneti ya setilaiti kwenye dishi moja: moja inafanya kazi, nyingine ni akiba, na ile ya kazi ikifa swichi inahamia kwenye ya akiba. Ilifika Mafia kwa boti ya Nyamisati, boksi moja na swichi yake: kebo mbili za kurusha mawimbi, mbili za kupokea, na mbili za kengele zenye pini 9, zinazoiambia swichi modemu ipi imekufa.

Sifa kwanza, zinastahili. Konekta za N, vichwa vya kufunga kwa kuzungusha, zinakaza bila kucheza na pini ya kati imenyooka. Hewa ya chumvi imeshanilia konekta nyingi hapa kisiwani. Hizi bado zinang'aa. Kebo za kupokea zina urefu sawa, kwa hiyo modemu zote mbili zinasoma kiwango kilekile cha mawimbi. Kigawanyio, kinachogawa mawimbi kwa modemu mbili, tayari kinaiachia kila modemu nusu tu ya nguvu inayotoka kwenye dishi, hutaki kebo nayo ipunguze zaidi.

Balaa ni lebo. Vikaratasi vya gundi! Kiyoyozi kilizima usiku mmoja, asubuhi nikavikuta sakafuni. Kebo zenyewe nyeusi zote, huijui ya A wala ya B. Wiki iliyofuata nikatoa modemu kupuliza vumbi, nikarudisha kwa kukumbuka. Taa zote kijani, mtandao unapiga kazi, nikaenda zangu kula.

Jumamosi tukafanya jaribio, mimi na kijana wa mafunzo. Akachomoa umeme wa modemu A. Hapo swichi inatakiwa ipige "tak" na B ishike zamu. Kimya.

"Kaka, A imezima, mbona swichi bado iko A?"

Nilikuwa nimezipishanisha kebo za kengele. A ilipokufa, swichi ikaambiwa aliyekufa ni B, ikatulia palepale kwenye A. Ukitazama taa hulijui kosa hili. Halionekani mpaka modemu moja ife kweli. Kwa siku kumi na kitu tulikuwa na modemu ya akiba ya pambo. Nikabadilisha, nikafunga utepe mwekundu A na wa buluu B, akachomoa tena: tak.

Kijitabu kina mchoro mmoja mdogo wa kukodolea macho, na hakigusi kabisa suala la kujaribu. Wala hakisemi kwamba kebo ya kurusha, kwa mitambo kama yetu, inabeba pia volti 48 za kwenda kwenye kikuza mawimbi cha dishini. Ukiichomoa umeme ukiwa umewashwa, cheche itakufundisha yenyewe. Zima kwanza.

Ningeinunua tena, kwa sababu ya konekta. Kuhusu lebo nilimwandikia muuzaji, akajibu kwa adabu kabisa kwamba atanitumia nyingine. Zimefika juzi. Za karatasi.