Kompresa ya chumba cha meno chenye kiti kimoja: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Wengi huchagua kiti kwa rangi na taa, kisha kompresa, mashine inayobana hewa ya kuendeshea vifaa vya kiti, hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Lakini drili ya kasi huzungushwa na upepo zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Upepo wenye maji huzila beringi zake.

1. Isiyotumia oili, yenye kikausha hewa. Kwa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam hatuoni mjadala. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ikishabanwa na kupoa, unyevu huo hugeuka maji tangini. Chagua tangi lililopakwa kinga ya kutu ndani.

2. Isiyotumia oili, bila kikausha. Mbeya au Nakuru inaweza kufaa, mradi koki ya chini ya tangi ifunguliwe kila jioni na chujio la maji lifungwe kabla ya kiti. Ila huko juu hewa ni nyepesi na pampu hutoa pungufu, kwa hiyo panda saizi moja.

3. Ya gereji, ya kujazia matairi. Bei yake inashawishi. Oili hupenya kwenye ringi za pistoni na kutoka kama ukungu usioonekana. Jino likikaushwa kwa upepo huo, resini (nyenzo ya kujazia jino) haishiki. Kijazo kikidondoka, lawama ni za daktari. Chujio hupunguza oili, haliimalizi. Puliza upepo kwenye kioo safi kwa dakika moja: ukiona utando wa mafuta, iache.

Ukubwa: kiti kimoja huhitaji takriban lita 50 hadi 60 za hewa kwa dakika. Kibao cha mashine mara nyingi hutaja hewa inayoingia pampuni. Wewe uliza inayotoka kwenye shinikizo la bar 5. Tangi la lita 30 linatosha. Kubwa zaidi haliongezi hewa, linachelewesha tu kuisha. Pampu inayonguruma zaidi ya nusu ya muda wa kazi ni ndogo: itachemka na ringi zitalika.

Iweke nje ya chumba, kivulini, mbali na moshi wa jenereta na mvuke wa otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa). Bomba la upepo, la maji safi, la maji machafu na waya wa umeme vipite sakafuni kabla ya marumaru, vitokeze chini ya kiti. Fundi afuate mchoro wa kiti ulichokwisha kulipia, si wa kiti kinachofanana nacho; vikitokeza pembeni, marumaru zitavunjwa upya.

Na jenereta: mota ya kompresa inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Ijaribu kompresa ikiwashwa huku taa na kiti vikifanya kazi, kabla hujamalizia malipo.