Hell's Gate kwa baiskeli: anza na breki, pundamilia baadaye

Kama unapanga kwenda Hell's Gate, Naivasha, gari liache nyumbani. Ni mbuga chache Kenya zinazokuruhusu kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na hii iko kilomita kama 90 tu kutoka Nairobi. Panda matatu ya Naivasha, halafu nyingine inayofuata barabara ya Moi South Lake, ushuke njia panda ya Lango la Elsa.

Baiskeli hukodishwa hapo, na hapo ndipo siku inaponoga au kuharibika. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa na rangi ya kupendeza, breki ya nyuma hakuna. Kijana akanituliza: "Mama, hiyo iko sawa, huko ndani ni tambarare." Tambarare ya kuanzia, ndiyo, lakini ukishageukia Olkaria ni mlima na vumbi laini la volkano, na kila mlima una mteremko wake. Nikagoma, akanitolea nyingine. Kwa hiyo vuta breki zote mbili, bonyeza tairi, jaribu gia, pandisha kiti hadi mguu unyooke, na udai pampu. Patana bei ya siku nzima, si ya saa.

Kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, si cha taslimu. Lipia kwa simu usiku wa kuamkia safari, usije ukabaki getini unatafuta mtandao.

Ndani, simba na tembo usiwategemee. Utaona kongoni, pofu, swala na ngiri, na pimbi wanaoota jua chini ya mwamba wa Fischer's Tower. Wa kuchunga ni nyati: ukimwona karibu na njia, simama mbali umngoje apite.

Korongo la Ol Njorowa ni jembamba, na kuta zake zinachuruzika maji ya moto. Ni pazuri mno, lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama kwako kuna jua, mafuriko hushuka ghafla; yaliua watu 2012 na tena 2019. Uliza askari wa mbuga kama limefunguliwa, mchukue mwongoza njia, na mawingu yakitanda usishuke.

Kwenye bwawa la kuogelea la jotoardhi la Olkaria unalipa tena. Maji yake yanatokana na visima vya mvuke vya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hupoozwa kwanza, na yananuka kiberiti kama yai viza. Pua huzoea upesi, na miguu iliyokanyaga pedali kutwa itakushukuru. Vua bangili za fedha, zitageuka nyeusi.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya zile baiskeli.

Beba maji mengi na chakula chako, na mkoba usiuondolee macho: tumbili wa pale wanajua kufungua zipu.