Hipnosisi kwa mkimbiaji wa mita 800: uzoefu wangu hapa Manchester

Nakimbia mita 800 kwenye klabu ya riadha hapa Manchester. Msimu wa juzi nilianguka katikati ya kundi, pale baada ya kona ya kwanza ambapo kila mmoja huacha njia yake na kukimbilia ndani. Spaiki za mwenzangu, ile misumari ya viatu vya kukimbilia, zilinichana muundi. Kidonda kilipona upesi, woga ukabaki. Nikisikia tu viatu nyuma yangu, mwili ulijivuta wenyewe kwenda njia ya pili, na mabega yakapanda hadi masikioni. Wanaojua uwanja wanajua hasara yake: mzunguko mzima kwenye njia ya pili unakuongezea karibu mita 7. Mazoezini, nikiwa peke yangu, saa ilionyesha niko vizuri kabisa. Kocha ndiye aliyenishauri nijaribu hipnosisi, yaani kutulizwa kwa maneno mpaka akili izame kwenye jambo moja.

Uingereza sheria haimzuii mtu kujiita mtaalamu wa hipnosisi, kwa hiyo kazi ya kuchuja ni yako. Wa kwanza niliyempigia simu aliniahidi nitapunguza sekunde kadhaa, hata hajauliza nakimbia mbio gani. Nikamuaga. Wa pili nilimpata kwenye orodha ya CNHC, baraza linaloorodhesha watoa tiba mbadala. Kujiandikisha ni hiari, lakini wanadai mafunzo na bima. Huyu alianza kwa maswali mengi: kifafa, historia ya magonjwa ya akili, dawa ninazotumia, nilivyoanguka, usingizi wangu usiku wa kuamkia mashindano. Nilipomtajia maumivu ya kigimbi, alikataa kata kata kuyagusa mpaka nimwone fizio, mtaalamu wa misuli na viungo. Hapo ndipo nilipomwamini. Maumivu ni taarifa, na mkimbiaji aliyezimiwa taarifa hiyo atakimbia hadi msuli ukatike.

Mama yangu yuko Tanga, na nilipomweleza kwa simu alishtuka. "Mwanangu, akili yako usimpe mtu akushikie." Namwelewa, maana wengi wetu tumeona mambo haya kwenye maonyesho tu, watu wakichezeshwa jukwaani. Nikamwambia hakuna ubani wala kisomo, na kwamba muda wote nilisikia kila kitu, hata gari la taka lililopita chini ya dirisha. Ningetaka kuinuka na kuondoka, ningeondoka.

Kikao chenyewe kilikuwa hivi. Unakaa kwenye kiti cha kuegemea, unakazia macho nukta moja ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho, mpaka kope zinakuwa nzito. Njia hiyo ni ya zamani: James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi papa hapa Manchester, alikuwa akiitumia kwa wagonjwa wake miaka ya 1840. Kisha pumzi, kisha kuhesabu kurudi nyuma. Mwili ukishatulia, alinirudisha kwenye mbio zenyewe, hatua kwa hatua: mlio wa bastola, mita 100 za kwanza, watu wanaingia ndani, kiwiko kinanigusa ubavuni. Hapo alinisimamisha. Nibanishe kidole gumba na cha shahada, nishushe mabega, nibaki kwenye mstari. Tukarudia kipande hicho mara nyingi, kila mara viatu vikizidi kunikaribia. Nyumbani nilisikiliza sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu kila jioni (kamwe usiisikilize ukiwa unaendesha gari).

Wapenzi wa hipnosisi hupenda kumtaja Ken Norton, bondia aliyetumia mtaalamu wa aina hii kabla ya kumshinda Muhammad Ali na kumvunja taya, San Diego, Machi 1973. Ni kweli. Lakini Septemba mwaka huo huo Ali alimshinda kwenye marudiano. Norton alikuwa bondia hodari aliyejifua, na nakataa kabisa masimulizi yanayompa mtaalamu huyo ushindi ule. Kama hujafanya mazoezi, hakuna sauti itakayokupa miguu.

Kwangu mimi, muda wangu umepungua kidogo tu. Kilichobadilika ni mahali ninapokimbia. Kwenye mashindano ya kiangazi nilibanwa njia ya kwanza, mtu mbele, mtu pembeni, na kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia nikiwa bado nimetulia. Woga ulikuja, nikabana vidole, mabega yakashuka. Kona ya mwisho upenyo ukafunguka nikapita.

Bei inauma. Kwa kawaida NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hailipii huduma hii, na wengi wa wachezaji wa klabu ndogo hawataimudu. Ningemshauri anayeichukua aende na tatizo moja linalotajika: woga baada ya kuanguka, kukosa usingizi, kukakamaa mstari wa kuanzia. Ukienda na "nataka kuwa bora", utalipa pesa nyingi bure.

Nitarudi kwake kabla ya mbio za ukumbini, ambako mzunguko ni mita 200, kona zimebana, na kundi zima linagombania nafasi ile ile mara nne.