Nimelipia tamthilia ya fundi wa milango, nimeishia kutukanwa

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande.

Ni tamthilia fupi ya fundi nakshi aliyedhulumiwa, inaonyeshwa kwenye programu moja ya simu ambayo jina lake sitaji. Vipande sita, vitatu vya mwanzo bure, vilivyobaki unalipia vyote kwa pamoja. Bei na ubora wa picha kila mtu atajionea. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, mfaa.

Kwa asiyejua, mfaa ni ule ubao wa nakshi unaosimama katikati ya mlango wa Kizanzibari. Umeshikamana na ubawa mmoja na unafunika mwanya pale mbawa mbili zinapokutana. Mimi ni seremala, nimefungua na kufunga milango ya namna hiyo, kwa hiyo nilipouona kwenye kioo cha simu nikakaa vizuri.

Hadithi iko Unguja, zama za Sultan Barghash, kati ya 1870 na 1888. Tajiri wa karafuu anampa mzee mmoja kazi ya mlango wa nyumba mpya. Mzee anachonga weee, malipo kila siku ni kesho. Siku ya kuhamia, mbele ya wageni, tajiri anatangaza kwamba mlango ameuagiza Bombay, huyu mzee aliupaka mafuta tu. Hela hampi, na kazi yake anamnyang'anya. Hilo la pili linauma kuliko la kwanza, muulize fundi yeyote. Milango niliyoitazama Mji Mkongwe, mingi ina aya kwenye kizingiti cha juu, mingine ina mwaka, mingine jina la mwenye nyumba. Jina la aliyechonga sijaliona.

Na waliotengeneza walijua wanachofanya, angalau mwanzoni. Kizingiti kimenyooka, si cha tao kama milango ya mtindo wa Kihindi. Miimo ina samaki chini na mnyororo umezunguka pembeni. Ila kilichonimaliza ni kipande cha tatu, kabla ya ile siku ya wageni, mzee akiwa ameshaanza kumshuku tajiri. Ni usiku, kandili iko sakafuni, mfaa ameulaza magotini. Uso wa mbele umekwisha, mayungiyungi yamepangana toka chini hadi juu. Anaugeuza. Anaanza kuchonga nyuma, upande utakaobanwa na ubao, ambao hakuna atakayeuona. Patasi ndogo ameishika karibu na ncha, kidole gumba ndicho kinachoiongoza. Anagonga mara mbili, anapuliza unga, anapapasa. Yule muigizaji ama ameshika patasi maishani mwake au amefundishwa na mtu aliyeishika, maana kile kidole gumba hakiigizwi. Anachochonga hatuonyeshwi. Kisha anaufunga mfaa kwa vijiti vya mbao, bila msumari hata mmoja. Fundi anayefunga kwa vijiti amepanga kuja kufungua!

Ndiyo maana nililipia usiku uleule. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nikawatumia na wenzangu wa karakana.

Kipande cha sita, jini. Anatoka baharini, anamkaba tajiri kitandani, tajiri anakufa, mzee anatembea ufukweni, muziki, mwisho. Mfaa haukuguswa. Hakuna aliyeukumbuka.

Sina neno na majini, pwani yetu imejaa hadithi zao na nimekua nazo. Lakini jini huyu angeweza kumlipia kisasi mvuvi, mpagazi, mtu yeyote. Fundi ana mikono yake. Ang'oe vile vijiti mbele ya wageni walewale, augeuze ubao, kila mtu asome kilichoandikwa. Mlango ubaki na mwanya katikati, tajiri alale humo ndani akijua mji mzima unajua. Mtu akishakufa ataaibika vipi?

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Nilianza kwa upole, nikauliza kama kuna kipande kilichosahaulika kuwekwa, maana kweli niliamini kimepotea. Dada akasema hakuna. Nikamweleza habari ya mfaa, akanikatiza:

"Kaka, hii ni tamthilia tu, unakasirikia ubao?"

"Dada, mimi ni fundi."

"Aaa, mafundi! Si ndio nyie mnaokula advansi za watu halafu simu hampokei?"

Akacheka, na nyuma yake nikasikia mwingine anacheka. Advansi ya mtu sijawahi kula. Nimewahi kumaliza kabati la mteja wakati yeye ndiye aliyekuwa hapokei simu, likakaa karakana linakula vumbi mpaka nikaliuza kwa hasara. Mafundi wanaodhulumiwa ni wengi kuliko wanaodhulumu, na kampuni inayouza hadithi ya fundi aliyedhulumiwa ndiyo inanicheka mimi!

Kwa hiyo msilipie. Ingawa kijana wangu wa karakana nimemwonyesha kipande cha tatu juzi, nikamrudishia pale pa kidole gumba mpaka akaelewa, na tangu hapo patasi anaishika vizuri. Mwaka mzima nimemfundisha kwa mdomo, hakuwahi kuelewa. Basi yule mzee muigizaji nampa tano, nyota zote, na kama hela yangu ingekuwa inamfikia yeye ningelipa tena. Nyie wenye programu sifuri, ile moja naifuta.

Hela yenyewe sidai. Ninachotaka ni yule dada apige simu, aniite fundi kwa heshima, aniombe radhi. Namba yangu mnayo, nililipia nayo.