Fimbo Tatu za Bei ya Juu za Kuvulia Trauti, Zikipimwa kwa Mito Yetu

Mkazi wa Nairobi anayetaka fimbo ya hali ya juu ya kuvulia kwa nzi bandia, yaani ndoana nyepesi iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu, atalipa zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa fimbo peke yake, kabla hajagusa rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi), mshipi, gharama ya kusafirisha mzigo, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, laki moja na elfu thelathini zimekwisha na mzigo haujatua Embakasi. Kwa sababu fedha hizo ni nyingi, nimelinganisha kwa makini fimbo tatu zinazosifiwa sana, nazo ni Sage R8 Core, Orvis Helios ya aina ya F na Winston Air 2. Zote zina urefu wa futi 9, vipande vinne, na ni za uzito namba 5. Niliazimwa na wavuvi wenzangu, nikazijaribu kwanza katika uwanja wa nyasi kando ya Barabara ya Ngong, kisha katika mito ya Thiba na Ragati kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Fimbo haiwezi kuhukumiwa bila kujua mto utakaovuliwa. Trauti, samaki wa maji baridi, walipandikizwa katika mto Gura na Ewart Grogan mwaka 1905, na tangu hapo wameenea katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambayo sehemu kubwa ni myembamba, ya maji baridi yaendayo kasi, na imefunikwa na mianzi na vichaka pande zote mbili. Samaki mara nyingi yuko mita sita au nane tu kutoka ulipo, nyuma ya jiwe, na huko nyuma yako hakuna nafasi ya kurushia mshipi mrefu. Uwezo wa kutupa mita 25, unaotajwa sana katika matangazo ya fimbo hizi, huku kwetu hauna kazi.

Namba 5 maana yake ni kwamba fimbo imeundwa kubeba mshipi ambao mita zake 9 za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi. Uzito huo ndio unaoipinda fimbo, na kupinda huko ndiko kunakourusha mshipi. Ukiwa umetoa mita nne au tano tu, uzito ulio nje ya ncha ni nusu yake au pungufu, kwa hiyo fimbo ngumu haipindi inavyopaswa, mkono unalazimika kuongeza nguvu, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayompeleka nzi kichakani. Kwa maoni yangu hili ni jambo zito kuliko yote anayopaswa kuyafikiria mnunuzi wa hapa.

Sage R8 Core, inayotengenezwa Bainbridge Island katika jimbo la Washington na iliyotoka mwaka 2022, ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu. Uwanjani, upepo ukivuma na shabaha ikiwa mbali, hakuna iliyoikaribia. Hata hivyo, nilipoweka kifuniko cha sufuria kwenye nyasi mita saba mbele yangu, ndiyo iliyonipa taabu zaidi. Nzi alipita juu ya kifuniko au kuangukia kando, mpaka nilipojifunza kuisukuma kwa nguvu zaidi ya ninavyopenda. Ni fimbo bora kwa mvuvi wa bwawani, au kwa anayesafiri kwenda kuvua mito mipana ya nchi nyingine.

Orvis Helios ya mwaka 2024, kazi ya kiwanda cha Manchester, Vermont, hutolewa kwa aina mbili, D kwa ajili ya umbali na F kwa ajili ya wepesi wa karibu. Sifa yake kubwa imo nchani. Ishike kwa kipini, itikise mara moja, kisha itazame ncha. Fimbo nyingi huendelea kutetemeka kwa muda, na kila mtetemo huacha wimbi dogo kwenye mshipi, lakini hii hutulia mara moja. Matokeo yake ni mshipi unaonyooka na nzi anayetua pale macho yalipokuwa. Kwa shabaha peke yake, naipa nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, fimbo niliyosikitika kuirudisha kwa mwenyewe ni Winston Air 2, ile ya kijani kutoka Twin Bridges, Montana, ambayo sehemu yake ya chini imetiwa nyuzi za boroni pamoja na kaboni. Hupinda hata kwa mshipi mfupi kabisa, kwa hiyo mkono unahisi uzito na kujua wakati wa kurusha. Kule Ragati, chini ya matawi, niliweza kumtua nzi majini taratibu bila kumshtua samaki, na trauti aliponasa na kukimbilia kasi ya maji, ule ulaini wa ncha uliukinga uzi mwembamba unaomshika nzi mwishoni mwa mshipi usikatike. Maungio yake yanaingiana bila kukwaruza, vidoa vya kulinganishia vipande vinaonekana hata jioni, na gamba la koki kwenye kipini lina vitundu vichache sana vilivyozibwa.

Dhamana isimvutie mnunuzi kupita kiasi. Orvis hutoa miaka 25, Sage na Winston hutoa maisha yote kwa mmiliki wa kwanza, maana yake ni kwamba anayenunua ya mtumba asiitegemee. Na hata mmiliki wa kwanza, ncha ikivunjika, atatuma kipande Marekani kwa gharama yake, atalipa ada ya kushughulikiwa, kisha atasubiri msimu ukipita.

Kwa mito yetu ningeagiza Air 2 au Helios F, lakini ya uzito namba 4 na urefu wa futi 8 na nusu, kwa sababu futi tisa hunasa kwenye mianzi. Asiye na fedha hizo achukue Orvis Clearwater, ambayo bei yake ni kama robo. Ni nzito kidogo mkononi na ncha yake huchelewa kutulia, ila katika mita saba hukosa shabaha mara chache kuliko nilivyotarajia. Kinachobaki mfukoni kinunue mshipi mzuri, ambao tofauti yake utaihisi siku ya kwanza, pamoja na nzi wanaofungwa na mafundi wa hapa hapa Kenya, ambao kazi yao huuzwa hadi Ulaya na Marekani.