EIU au Mercer: mizani ipi ya miji?

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mtu kauliza: mbona Vienna mara nyingi inaongoza orodha za miji bora ya kuishi, na Tanga haimo hata mkiani?

Tazama mizani. EIU, kitengo cha utafiti cha kundi la The Economist, hupima miji 173: utulivu asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, miundombinu 20, elimu 10. Upatikanaji wa nyumba bora umo, kodi yake haimo. Ajabu kweli!

Mercer, kampuni ya ushauri wa mambo ya ajira, huangalia mambo 39, New York ikiwa kipimo cha 100, ili kampuni zijue posho ya mfanyakazi anayehamishiwa ugenini. Naiamini zaidi hii, maana haifichi inampimia nani. Sisi wa baiskeli na dele la kahawa hatukukusudiwa.